KUMBUKA BABU YAKO!

(Soma kwanza Mwanzo 48:1-20, 1 Wafalme 21:1-19 na 1 Timotheo 5:4)



Karatasi hii umepewa bure. Labda umeipokea hapa uwanjani, labda pale stendi ya Masumbwe ukingoja gari la Kahama au la Ushirombo, labda mtoto ameileta nyumbani imekunjwa ndani ya daftari lake. Tafadhali usiifungie karanga kabla hujaisoma. Nina swali moja kwako, nalo ni hili: BABU YAKO ALIITWA NANI? Simaanishi jina la ukoo unaloliandika kwenye fomu. Namaanisha yeye mwenyewe. Mzaa baba na mzaa mama. Alikuwa akichekeshwa na nini? Aliogopa nini? Ulishawahi kumwona analia? Shamba lile mnalogombania sasa hivi, alilifyeka lini, na nani alimsaidia kung'oa visiki?

Najua mtu atasema, "Mhubiri, leo umekosa somo? Tumezoea kusikia habari za toba na uponyaji, wewe unatuletea habari za babu!" Subiri kidogo, ndugu yangu. Mungu alipojitambulisha kwa Musa katika kile kijiti kilichowaka moto, hakutaja ukubwa wa mbingu wala idadi ya malaika zake. Alitaja majina ya watu watatu: babu, mwana na mjukuu (Kutoka 3:6). Hebu fikiri! Aliyeumba jua na nyota anakubali kujulikana kwa jina la mzee mfugaji aliyekaa hemani. Kama Mungu haoni haya kumkumbuka babu wa mtu, wewe unaona haya ya nini?

MZEE YAKOBO ANAKAA KITANDANI

Sasa twende kwenye Mwanzo sura ya 48. Yusufu ni mkubwa wa serikali huko Misri. Anapata habari kwamba baba yake anaumwa. Anawachukua wanawe wawili, Manase na Efraimu, anakwenda nao. Hapo Yusufu anatufundisha jambo hata kabla hajafungua kinywa. Alikuwa na kazi nyingi kuliko wewe. Alikuwa na watumishi wa kutuma. Angeweza kutuma fedha za matibabu, mambo yakaisha. Lakini alikwenda mwenyewe, na tena ALIWACHUKUA WATOTO. Siku hizi babu akiugua kule kijijini, baba anatuma fedha kwa simu, watoto wanabaki mjini eti wana masomo ya ziada. Wanakuja kumwona babu akiwa ndani ya sanduku.

Yakobo aliposikia kwamba mwanawe amefika, alijitia nguvu akaketi kitandani. Ninaupenda sana mstari huo. Mzee anaumwa, mifupa inauma, lakini wajukuu wamekuja! Basi lazima akae. Ninyi mliouguza wazee mnaelewa. Mzee ambaye tangu asubuhi amekataa hata uji, akisikia sauti ya mjukuu mlangoni anaulizia fimbo yake.

Halafu anaanza kusimulia. Anasema habari za Luzu, jinsi Mungu alivyomtokea. Kisha katikati ya habari za baraka, ghafla tu, anamtaja Raheli: kwamba alimfia njiani, kukiwa bado kitambo kidogo kufika Efrata, na kwamba alimzika kulekule njiani (mstari wa 7). Kwa nini anasema hivyo wakati ule? Hakuna aliyemuuliza. Wasomi wa Biblia wamehangaika na mstari huo. Mimi ninaona jambo jepesi tu: ni mzee, na Raheli hajamtoka moyoni. Miaka imepita mingi, ng'ombe wameongezeka, wana wamezaa, lakini kaburi lile la kando ya njia bado analiona. Na wale vijana, ambao hawakumfahamu bibi yao, siku ile walimsikia. Wangemsikia wapi tena?

Ukipiga hesabu, Efraimu na Manase walikuwa vijana wa zaidi ya miaka kumi na minane wakati ule, maana walizaliwa kabla ya miaka ya njaa, na Yakobo alikaa Misri miaka 17 (Mwanzo 41:50, 47:28). Kwa hiyo we kijana usiseme, "Mimi nimekua, hadithi za babu ni za watoto." Mama yao alikuwa Mmisri, binti wa kuhani wa miungu mingine. Walivaa Kimisri, bila shaka walinena Kimisri. Lakini babu aliwavuta, akawabusu, akawakumbatia, akasema hawa ni wangu.

Tena Biblia haikumpaka Yakobo rangi. Huyu ndiye aliyemdanganya baba yake aliyekuwa haoni, kwa ngozi ya mwana-mbuzi, na sasa yeye mwenyewe macho yamekuwa mazito hata haoni. Huyu ndiye aliyempenda mwana mmoja kuliko wengine mpaka nyumba ikaharibika. Yote yameandikwa, hakuna kilichofichwa. Na bado Mungu anaitwa Mungu wa Yakobo. Kwa hiyo unapomkumbuka babu yako huna haja ya kumfanya malaika. Kama alikuwa mkali, sema alikuwa mkali. Kama aliwahi kulewa akauza ndama wa watu, sema, na useme pia jinsi alivyoacha.

KARATASI YA MSIBANI

Sisi sasa tunafanyaje? Mzee anafariki. Turubai linafungwa, wanakwaya wanafika, spika inakoroma. Anasimama mjukuu mmoja aliyesoma, anasoma wasifu wa marehemu: alizaliwa mwaka fulani, akasoma mpaka darasa la nne, akaoa, ameacha mjane, watoto tisa, wajukuu arobaini na mmoja, vitukuu kadhaa. Dakika tatu imekwisha. Watu wanageuza shingo kuangalia kama wali umeiva. Miaka themanini ya mtu imekuwa hesabu ya vichwa, kama mnada wa ng'ombe!

Na hebu angalia mzee wa namna hiyo wa Masumbwe amepita katika mambo gani. Kama alizaliwa miaka ya 1930, alizaliwa chini ya Mwingereza, wakati mgodi wa Geita unafunguliwa, ule wa kwanza uliokuja kufungwa mwaka 1966. Alilima pamba wakulima wa kanda hii walipokuwa wanajenga vyama vya ushirika. Alikuwa kijana mwaka 1961 bendera ilipopandishwa. Miaka ya 1970 aliambiwa abomoe nyumba yake ahamie kijiji cha ujamaa, akaacha miembe aliyoipanda kwa mkono wake. Mwaka 1978 Amin alivamia Kagera, na huenda mwanawe alikwenda vitani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wezi wa ng'ombe walipozidi, aliamka usiku kwa filimbi za sungusungu. Alianza maisha akihesabiwa Kahama, baadaye akaambiwa yuko wilaya ya Bukombe, na mwaka 2012 akaambiwa sasa ni Mbogwe, tena si mkoa wa Shinyanga, ni Geita. Wilaya tatu, mikoa miwili, na hajahamisha hata mtungi wa maji! Yote hayo yamo kifuani mwake. Siku akizikwa, yanakwenda naye, isipokuwa kama kuna mtu aliketi akasikiliza.

Zamani Wasukuma walikuwa na shikome, ule moto wa jioni nje ya mji ambapo wazee waliketi na vijana wa kiume. Pale kijana alijua ukoo wake, alijua jinsi ya kumsalimu mkubwa, alijua kwa nini shamba la fulani linaishia kwenye mkuyu. Moto umezimika. Kijana jioni yuko kwenye kibanda cha video au ameinamia simu. Silaumu simu, na baadaye nitakuambia kitu cha kufanya nayo.

WASUMBWA WALIOFIKA KATANGA

Wengi wa Masumbwe hawajui habari hii, nami nataka uijue. Katika karne ya 19 Wasumbwa walikuwa wasafiri wakubwa. Walitembea kwa miguu mpaka Katanga, kule Kongo, kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao, Msiri, alibaki huko akawa mtawala mwenye nguvu wa Garanganze, makao yake yakiwa Bunkeya. Watu wake wanaitwa Wayeke. Msiri aliuawa mwezi Desemba 1891 kwa risasi, msafara uliotumwa na mfalme wa Ubelgiji ulipofika kuitwaa nchi.

Sasa sikiliza. Mpaka leo Wayeke wa Bunkeya wanasema babu zao walitoka huku kwetu, kwa Wasumbwa. Imepita zaidi ya miaka 150, mpaka wa nchi umekatwa katikati, lugha zimebadilika, na bado wanakumbuka! Halafu kijana aliyezaliwa hatua chache kutoka barabara kuu ya Masumbwe hajui babu wa baba yake aliitwa nani.

Nisije nikaeleweka vibaya. Msiri hakuwa mtu mwema. Aliuza watumwa, aliua wengi, na watu walimwogopa kuliko walivyompenda. Hata mhubiri Frederick Stanley Arnot, aliyefika kwake mwaka 1886, aliyaona mengi ya kutisha. Wanaomkumbuka wanabeba na hayo pia.

Tena neno kwa wapendwa waliookoka. Wako wanaoogopa kumtaja babu kwa sababu ya mizimu na matambiko. Walipoacha kumwaga pombe makaburini walifanya vizuri, Neno linakataza kuwaomba wafu. Lakini wengine wamevuka mpaka: wamemfuta mzee kabisa, hata picha yake wameichoma, hata kaburi halifyekwi. Nani aliwaambia wokovu unafuta ukoo? Paulo anamkumbusha Timotheo imani ya bibi yake Loisi, anamtaja kwa jina (2 Timotheo 1:5). Mzee akiwa amelala, huombi kwake, wala hakusikii. Unamshukuru Mungu kwa ajili yake na unawasimulia wanao.

DHAHABU NA MTU WA NYUMBANI

Tunaishi juu ya dhahabu. Geita, Nyarugusu, Bulyanhulu, na hapa Mbogwe kwenyewe Nyakafuru. Fununu ikitoka kwamba mahali fulani wamepata, kijiji kinabaki na wanawake na mbuzi. Mwanaume anamwambia mke, "Nakwenda wiki mbili." Anaingia kwenye duara, anapata kidogo, anakunywa kidogo, anahamia kwenye fununu nyingine. Wiki mbili zinakuwa miaka sita. Mtoto anajua tu kwamba baba yuko machimboni. Mwingine harudi kabisa, udongo umemfunika shimoni.

Na nani anabaki na mtoto? Babu! Yeye ndiye anayepeleka dawa, anayekwenda kwenye kikao cha shule, anayegawa nyama. Hata kabla ya hapo, wakati UKIMWI ulipoingia, wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ugonjwa ukasafiri na barabara mpaka huku. Wazee wetu walizika watoto wao wenyewe, halafu katika umri wa kupumzika wakaanza tena kulea. Mtu ana miaka 65, magoti hayakunji, anabeba mtoto mgongoni kwenda zahanati. Hakuna aliyempa cheti. Mimi nasema huyo ni shujaa kuliko aliyetoka na kilo ya dhahabu.

Babu yangu mimi ninayeandika alikuwa mkulima wa pamba na mpunga. Kila jioni alimwita mjukuu mmoja, akasema macho yake yamechoka, asomewe sura moja. Tulimsomea kwa zamu, kwa kugugumia, taa ya chemli inafuka moshi. Tulimhurumia babu haoni. Siku moja ndugu yangu, kwa uvivu, akaruka mistari minne ili akacheze. Babu akasema taratibu, "Rudi juu, hapo kwa yule mwenye kupooza." Kumbe anaona, tena vizuri! Miaka yote alikuwa anatufundisha kusoma na sisi tunadhani tunamsaidia. Hakuwa na elimu ya ualimu. Alikuwa mtu wa nyumbani.

Taifa letu la walokole lilimfahamu Mzee Moses Kulola, mzaliwa wa Mwanza mwaka 1928, mwasisi wa kanisa la EAGT, aliyelala tarehe 29 Agosti 2013. Wengi wetu tunamkumbuka jukwaani, sauti yake na umati. Lakini alikuwa babu pia, na mmoja wa wajukuu zake, Flora, alikuja kujulikana nchi nzima kwa uimbaji. Watu wa jukwaani tunakumbuka mahubiri. Wale wa nyumbani wana kumbukumbu zao, na kwa mzee yeyote hizo ndizo zinazojua ukweli.

SHAMBA LA NABOTHI

Sasa nimefika pale nilipokuwa nakwenda tangu mwanzo. Vumilia, maana hapa patauma.

Babu amekufa. Matanga yameanuliwa. Bibi amebaki ndani ya nyumba peke yake. Mwezi wa pili mtoto wa jirani anaugua homa, anafariki. Pengine ni malaria tu, walichelewa kwenda zahanati. Lakini mtu mmoja wa ukoo anakwenda kwa mganga kupiga ramli. Mganga anatikisa kibuyu, anasema: aliyemmaliza mtoto ni mwanamke mzee, anakaa upande wa mashariki, MACHO YAKE MEKUNDU.

Macho mekundu! Ndugu yangu, bibi amepikia kuni na samadi kavu ya ng'ombe miaka sitini, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi huo ndio ulioivisha ugali ukala wewe, akala baba yako, akala babu yako. Macho yale yamekuwa mekundu kwa ajili yako! Na kwa macho hayohayo vikongwe wa kanda hii, Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora, wamekatwa mapanga usiku kwa miaka mingi. Tunajua. Tumezika. Na mara nyingi tumekaa kimya kwa sababu tunamjua aliyelipa.

Ukichimba chini ya uchawi unaosemwa, unakuta nini? Unakuta SHAMBA. Unakuta ng'ombe saba. Unakuta kiwanja kilicho karibu na barabara, ambacho bei yake imepanda. Fungua 1 Wafalme 21. Nabothi alikuwa na shamba la mizabibu, urithi wa baba zake, akakataa kuliuza. Mfalme Ahabu akalitamani mpaka akajilaza kitandani akakataa chakula. Yezebeli alifanya nini? Hakutuma jeshi. Alitangaza mfungo! Akaweka mashahidi wawili wa uongo wamshitaki Nabothi kwamba ametenda jambo la kuchukiza mbele za Mungu. Watu wa mji wakampiga mawe wakidhani wanatakasa mji. Kisha Ahabu akashuka kulichukua shamba. Umeona? Mashitaka yalikuwa ya dini, lakini njaa ilikuwa ya ardhi. Ndivyo inavyofanyika kwa bibi yako. Na Eliya alimkuta Ahabu PALEPALE SHAMBANI.

Pengine wewe hutumii panga. Wewe ni mstaarabu, unatumia kikao cha ukoo. Mnakaa chini ya mti, mnasema: mila yetu mwanamke harithi, huyu alikuja na kanga zake, arudi kwao. Nikukumbushe kisa cha kweli. Wajane wawili wa mkoa wa Shinyanga, Wasukuma, walifukuzwa nyumbani na ndugu wa waume zao namna hiyo. Wakaenda mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zinawabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010. Hawakukata tamaa, wakafikisha shauri Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake ikasema wazi kwamba wajane hao wameonewa. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanaume. Lakini kabla ya serikali na kabla ya Umoja wa Mataifa, Kumbukumbu la Torati 27:19 ilikwisha kutamka laana juu ya anayepotosha haki ya mjane, na watu wote wakaitika Amina. Je, na wewe uliitika?

Halafu mtu huyohuyo anajenga kaburi la babu kwa marumaru! Anachapisha fulana zenye picha ya mzee! Anachinja ng'ombe wawili kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja, na bibi amekaa kwenye kibanda cha nyasi cha binti yake, anasikia ngoma kwa mbali. Babu huyo unayemkumbuka ni yupi? Mwanamke yule ndiye aliyekuwa moyoni mwake. Yakobo akiwa karibu kufa alimtaja Raheli. Babu yako angepewa dakika moja arudi leo, unadhani angekwenda kwanza kuangalia marumaru?

Paulo analisema waziwazi katika 1 Timotheo 5:4. Mjane akiwa na watoto AU WAJUKUU, hao wajifunze utauwa nyumbani kwao kwanza na kuwalipa wazee wao. Neno wajukuu limo mle. Kwa hiyo usiseme hilo ni la baba na shangazi. Wewe kijana wa miaka ishirini, umeitwa.

SASA UFANYEJE?

Kama babu yu hai, nenda. Leo au Jumamosi. Usiende kuomba fedha wala kumuuliza shamba ataliacha kwa nani. Kaa chini, umsikilize. Ile simu yako inarekodi sauti, si ndiyo? Basi iweke pembeni, umwombe aseme. Muulize alimpataje bibi, na alitoa ng'ombe wangapi. Muulize alikuwa wapi mwaka wa njaa. Muulize nani alimfundisha kulima kwa maksai, na ni jambo gani alilifanya ambalo bado linamuuma. Hapo nyamaza, hata akikaa kimya muda mrefu, usimjazie maneno. Andika majina. Andika na mipaka ya shamba akiwa anaona, mbele ya mashahidi, wosia usainiwe, maana mzee akifa bila neno ndipo Ahabu anapoamka. Wapeleke watoto wako wakapakatwe hata kama mikono ya babu inatetemeka.

Kama babu amekwisha kulala, nenda kwa bibi. Angalia paa lake kabla ya masika. Mtengenezee jiko lenye bomba la kutolea moshi, si gharama kubwa, udongo upo. Na siku utakaposikia mtu anaanza kunong'ona habari za macho mekundu, usinyamaze. Nenda kwa mchungaji, nenda kwa mtendaji, nenda polisi, kalale mlangoni kwake ikibidi.

Na kama wewe ndiwe uliyekwenda kwenye ramli. Kama umekwisha kutoa fedha ya kumkodi mtu. Kama hati ya kiwanja cha marehemu iko chini ya godoro lako na mjane hajui. Mpendwa, hujachelewa. Zakayo alisimama nyumbani kwake akarudisha mara nne (Luka 19:8), na wokovu ukaingia siku ileile. Rudi ukamwambie yule mtu uliyemlipa kwamba umevunja, na bibi umhamishe usiku huohuo mahali salama. Rudisha hati. Kisha piga magoti useme hivi kwa kinywa chako:

Bwana Yesu, nimekuja. Nimetamani kitu cha mzee aliyenibeba. Nimesema neno juu ya bibi yangu nikijua ni uongo. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Vunja neno la mganga nililoliamini. Nipe ujasiri wa kwenda leo kurudisha nilichochukua, hata ndugu zangu wakinicheka. Asante kwa babu uliyenipa. Mtunze bibi usiku huu, nami unitume nikamtunze. Amina.

Ukimaliza kusoma, mwone mtumishi yeyote hapo ulipopewa karatasi hii mwombe pamoja. Karatasi yenyewe usiitupe. Mpe mtu mwingine, na kama kwenu kuna mzee ambaye hawezi tena kusoma, au anayesema hawezi, kamsomee.